Mafundi umeme wa magari hapa Tabora, taa inayowaka na kuzima mnaitibu kwa globu mpaka lini?

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimejaa, na heri niyamwage hapa kuliko nikayamwagie gereji kwa mtu.

Taa ya mbele ya kulia ya Hilux yangu, zile za zamani za globu ya H4 (full na dimu ndani ya globu moja, miguu mitatu), inawaka inapojisikia. Unatoka Sikonge jioni na taa mbili safi, unaruka tuta, inabaki moja. Tuta la mbele inarudi. Njia ile usiku ina baiskeli zimebeba magunia ya mkaa, hazina hata kiakisi, nami natembea na jicho moja. Trafiki wameniandikia ile 30,000 yao na siwalaumu, maana anayekuja mbele yako anadhani wewe ni bodaboda.

Sasa fundi. Nafika, hata boneti haijatulia: "Bosi, globu imekufa hiyo." Tukanunua, ikawaka, nikalipa. Wiki haikuisha, yale yale. Narudi: "Aa, ile ilikuwa feki, weka hii kali." Akanichomekea ya wati 100. Ikazima tena. Safari hii dawa ikawa kuipiga taa kofi. Ikawaka! Akanigeukia kama mtu aliyefufua maiti, halafu akataka hela ya ufundi.

Fundi, kama kofi limeiwasha, kwa nini unaniuzia globu nyingine?

Najua kuna wajuaji watasema waya wa ndani ya globu ukikatika unaweza kugusana tena gari likitikisika. Kweli. Ndiyo maana unaihamisha: ya kulia peleka kushoto, ya kushoto lete kulia. Ugonjwa ukihama na globu, niuzie globu. Ukibaki palepale kulia, tafuta soketi, waya au fyuzi ya upande huo. Zikizima zote mbili kwa pamoja, hapo ndipo uanze kuwaza swichi ya usukani na rilei, ile swichi ndogo inayoendeshwa na umeme. Kipimo hiki hakina gharama hata ya maji ya kunywa, na sijaona fundi aliyekifanya.

Kinachoniudhi zaidi ni ile testa ya kijiglobu. Anachoma waya huu inawaka, anachoma ule inawaka, "umeme upo bosi, globu hiyo." Toyota nyingi za zamani zimefungwa kinyume na anavyodhani: chanya inakaa kwenye globu, swichi inakata na kuunga upande wa hasi. Globu ikiwa mahali pake na njia ya hasi imekatika, umeme unapita kwenye globu na kutokea miguu yote mitatu. Testa lazima iwake kila mahali! Isitoshe kijiglobu kile kinakula umeme kiduchu, wakati dimu ya wati 55 kwenye volti 12 inataka kama ampia nne na nusu. Kiungo kilichooza kitaiwasha testa vizuri tu na kushindwa kuiwasha taa.

Mita ya kawaida ingemaliza ubishi. Washa dimu, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye mguu wa hasi wa dimu, nyuma ya soketi, globu ikiwa mahali pake. Ikisoma zaidi ya nusu volti, njia ya kurudi ina tatizo. Halafu pima upande wa chanya vilevile, kutoka chanya ya betri.

Mwishowe nimefungua mwenyewe. Soketi imeungua, plastiki imekuwa kahawia, vibati vya ndani vimelegea, na nyuma yake kuna waya uliosokotwa kwa vidole na kuvishwa tepu. Hiyo globu ya wati 100 inavuta zaidi ya ampia nane kupitia vibati hivyohivyo vilivyolegea. Vikipata moto vinalegea zaidi, vikilegea vinapata moto zaidi. Alichoniuzia kama dawa ndicho kilichokuwa kinamalizia soketi. Na tepu ile ni yake, nilimwona akiifunga nikadhani anajua anachofanya.

Hela yangu ya globu naitaka. Nimemwambia, ananiambia "bosi gari lako lina wenge."

Anayejiandaa kuandika "weka LED" asijisumbue. Soketi imeungua, LED utaichomeka wapi? Na ukiitia kwenye kioo kilichochongwa kwa globu ya halojeni kama hii H4, mwanga unasambaa ovyo na kumpofusha anayekuja.

Ninachouliza: hapa mjini nani anauza soketi ya H4 ya kauri, siyo ya plastiki, yenye waya mnene wa shaba? Na kuna fundi yeyote, Isevya, Ipuli, popote, anayemiliki mita na anaitumia? Anayelehemu viungo kwa risasi badala ya kusokota? Njoo PM. Mwenye testa peke yake apite.