Naombeni ushauri: mwezi gani mzuri kupiga picha Mlima Kenya? (Niko Malindi)

Kijana wa Maweni
Assalam aleikum wadau, na wengine habari zenu. Mimi ni mpiga picha hapa Malindi, riziki yangu ni harusi na hoteli. Nataka kwenda Mlima Kenya nivipige vile vilele katika kila hali: mvua, theluji, jua kali, ukungu wa alfajiri. Nina lenzi mbili, ya upana na ya kuvuta mbali, ila hiyo ya kuvuta imeanza kuota kuvu ndani. Swali langu dogo tu: nikipata wiki moja, mwezi gani utanipa hali nyingi? Nijibuni mapema, usingizi umenihama.

Mama Mahamri
Swali dogo na usingizi umehama? Haya, tupo.

Fundi wa Lenzi
Tuanze na kuvu, mlima baadaye. Washa tochi ya simu, imulike lenzi kwa nyuma, utazame kwa mbele. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui zinatokea ukingoni, bado hujachelewa. Zikishafika katikati ujue picha zote zitatoka na moshi. Pwani hii unyevu na chumvi hazina mchezo. Zangu zalala ndani ya ndoo ya plastiki yenye kifuniko, pamoja na vile vifuko vya punje vinavyokuja na viatu vipya. Mfuko wa ngozi tupa, ndio shamba lenyewe la kuvu.
Na ukirudi, kamera ifunge kwenye plastiki ukiwa bado kwenye baridi, usiifungue mpaka ipate joto la huku. Rafiki yangu aliifungua Mombasa stesheni, ikatoka jasho kama mtungi wa maji.

Kijana wa Maweni
Shukrani fundi. Mwezi sasa?

Mzee wa Kusi
Umenikumbusha mwaka 1994, nilipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Nina mkanda mmoja wa picha 36, mkanda mmoja! Siku ya kwanza msituni nikaona kima, nikapiga. Nikaona ua, nikapiga. Kufika kambi ya Horombo, mita 3,720, mashine ikagoma kuvuta, kumbe nimemaliza. Nikafika kilele cha Uhuru, mita 5,895, barafu inang'aa kama ukuta uliopakwa chokaa jana, na mimi nimening'iniza kamera tupu shingoni kama hirizi. Mpaka leo mke wangu anasema nilifika msituni nikarudi.

Binti wa Ganda
Jamani, Marafa iko hapo tu! Lile korongo lake la Nyari linakosa nini? Nenda saa kumi jioni, jua likianza kulala zile kuta zinatoka nyekundu, waridi, nyeupe, kila dakika rangi nyingine. Bibi yangu alituambia ni mji wa matajiri waliokuwa wakiogea maziwa, ukazama. Weupe ni maziwa, wekundu ni damu ya ng'ombe. Nauli yake haikutoi jasho, na hakuna baridi.

Kijana wa Maweni
Dada, Marafa naijua kama kiganja. Lazima uwe mlima wenye theluji.

Mama Mahamri
"Lazima"? Kakulazimisha nani?

Mpagazi wa Naro Moru
Mimi nimebeba mizigo huko juu miaka kumi na moja, nitajibu swali. Ukitaka kilele safi, Januari na Februari, au Julai mpaka Septemba. Hata hiyo miezi, wingu linapanda kutoka bondeni saa tatu, saa nne asubuhi, linafunika vilele vya Batian na Nelion kama mtu amevuta shuka. Kwa hivyo saa kumi na moja alfajiri uwe umeshasimama na miguu mitatu ya kamera imekazwa. Rangi ya macheo hapa ikweta haikai, jua linapanda wima, una dakika chache tu.
Machi mwishoni mpaka Mei ni mvua ndefu. Unaweza kukaa siku tatu usione kitu. Lakini mvua ikikatika usiku, asubuhi theluji imeshuka mpaka kwenye ile mimea mikubwa ya senesio, na ikifika adhuhuri imeyeyuka. Betri mbili lala nazo kifuani, baridi inazimaliza bila kutumika. Na wewe unatoka usawa wa bahari: usiniambie utafika kambi ya Mackinder, mita 4,200, siku ya pili. Kichwa kitakuuma mpaka usahau kufungua kifuniko cha lenzi.

Kijana wa Maweni
Allah akuzidishie, hili ndilo nililolitaka. Sasa tuko Aprili. Nikienda wiki hii nikapata theluji moja, ukungu mmoja na jua hata la nusu saa, zitanitosha. Mengine nitayamaliza nyumbani.

Mpagazi wa Naro Moru
Mengine gani?

Kijana wa Maweni
Rangi na kadhalika.

Mama Mahamri
Mwanangu, mimi nauza mahamri, mteja akizungukazunguka kibandani najua hana pesa. Wewe unazunguka. Sema.

Kijana wa Maweni
Sawa. Kuna Mtaliano ana hoteli ndogo, sitaji iliko. Mwaka jana alitaka picha sita za mlima kwa ukumbi wa chakula, kila moja mwezi wake, kutoka Januari mpaka Novemba. Nilikubali. Alinipa arubuni shilingi 80,000. Pesa ziliingia kwenye paa la mama, mvua haingoji mkataba. Sasa anafungua tena baada ya masika na anataka ukuta ukamilike. Siwezi kupanda mara sita. Kwa hiyo nipige wiki moja, kisha kwenye kompyuta hii niipunguze theluji, ile niiongeze wingu. Wapiga picha wote hurekebisha rangi, tusidanganyane. Na mlima ni ule ule, sijamuuzia kichuguu.

Fundi wa Lenzi
Kurekebisha rangi ni kitu kimoja. Kuandika "Septemba" chini ya Aprili ni kingine. Bibi harusi ukimwondolea chunusi ni sawa, ukimbadilisha bwana harusi je?

Mzee wa Kusi
😂😂 Kuna harusi nazijua wangeshukuru.

Hamali Hachoki
Kwani Mtaliano atajuaje? Mlima unazeeka kwa miezi?

Mpagazi wa Naro Moru
Atajua. Mlima uko ikweta, jua linauzunguka pande mbili kwa mwaka. Januari mchana jua liko kusini, kuta za kusini zina mwanga na zinakauka. Julai liko kaskazini, upande wa kusini unabaki kivulini na barafu inashika huko. Hata wapanda miamba wanabadilisha upande kwa sababu hiyo. Theluji utaipaka, kivuli utakigeuza?

Kijana wa Maweni
...
Hilo ndilo limeninyima usingizi. Ya kwanza imeshatundikwa. Niliipiga Julai mwaka jana, nimesimama Mackinder, saa tano asubuhi, wingu lilichelewa siku hiyo. Chini tumeandika Januari. Wiki iliyopita mwenye hoteli alisimama mbele yake na kikombe cha kahawa, akaikazia macho muda mrefu, akaniuliza, "Hapa jua lilikuwa wapi?" Nikamwambia nyuma yangu. Akanyamaza.

Mama Mahamri
Ewe mtoto wewe. Hao Wataliano wana milima ya Dolomiti kwao, wamekua wakikimbizana na kivuli cha mlima.

Mzee wa Kusi
Suluhisho lipo. Mwambie picha si za miezi, ni za saa. Mlima huo mchana kiangazi, usiku kipupwe, kila siku. Alfajiri, saa mbili, wingu la saa nne, mvua ya saa tisa, magharibi, na nyota. Sita hizo. Hata siku mbili zatosha mlima ukikubali.

Kijana wa Maweni
Mzee, ni wazo zuri wallahi. Lakini vibao vya shaba vya miezi vimeshachongwa, sita vyote, na mimi ndiye niliyempeleka kwa fundi.

Mpekuzi
Subirini. Uzi umeanza kwa kijana asiyejua hata mwezi wa kwenda. Sasa ghafla alishafika Mackinder Julai mwaka jana? Aliyefika huko anauliza mwezi gani mzuri? Na huyu mpagazi yuko mtandaoni saa zote, nani anabeba mizigo? Wallahi hii chai, tena ya tangawizi. Kesho tutaambiwa anauza mafunzo ya picha.

Hamali Hachoki
Nami nimeshangaa shaba. Kibao kimoja cha shaba bei gani siku hizi? Nauliza kwa dhati, nataka cha mlangoni.

Fundi wa Lenzi
Uzi bila picha ni porojo. Weka picha ya hiyo Januari.

Mpagazi wa Naro Moru
Mpekuzi, ni masika, wageni hakuna, niko kwa mama nachuma chai, hiyo ya kweli. Kuhusu yeye sijui. Lakini wingu kuchelewa mpaka saa tano Julai, nimeliona.

Kijana wa Maweni
Sikusema nimewahi kufika kwa sababu mngeniuliza zile picha ziko wapi. Picha ya ukutani siweki, mtaijua hoteli. Mzee wa Kusi, nimempigia mwenye hoteli simu leo, nimemwomba aniteremshie ile ya kwanza, nimesema ina kasoro ya uchapishaji.

Mama Mahamri
Kasoro ya uchapishaji!

Kijana wa Maweni
Mama, hatua kwa hatua. Niko kituoni, naondoka na basi la usiku. Betri ziko kifuani tayari, watu wananitazama kwa joto hili.

Mpekuzi
Piga picha tikiti, iweke hapa.

Kijana wa Maweni
Simu imebaki asilimia nne.

Mpekuzi
🫖

Hamali Hachoki
Jamani, bei ya shaba?