Gari la kukodi Italia: kadi ilishakatwa hela, sasa imekuja barua ya faini

Mkazi wa Bremen
Wakuu habari zenu, naomba msaada kwa wenye uzoefu na haya mambo. Mwaka jana kiangazi shemeji yangu alikuja na familia yake kutoka Dar tukaenda wote Italia, gari tukachukua uwanja wa ndege wa Pisa, mkataba jina langu na kadi yangu, tukapita Lucca na Siena tukamalizia Firenze. Tuliporudi huku kampuni ya magari ikakata euro 45 kwenye kadi, wameandika ni gharama ya kushughulikia faini, mimi na mke wangu tukajua basi yameisha. Sasa juzi posta wameleta barua ya kusaini kutoka Firenze, eti tuliingia eneo la ZTL, yaani sehemu ya mji ambayo magari yasiyo na kibali hayaruhusiwi kuingia, ina namba ya gari, saa na jina la mtaa. Je hapa silipishwi mara mbili? Na miezi yote hii imepita bado wana haki ya kudai? Shemeji ndo alikuwa anaendesha siku ile na anasema nikaushe tu, ni wizi wa watalii, ila mimi ndo naishi huku na jina ni langu, sitaki nije kupata shida mbele ya safari.

Dada wa Milano
Pole sana kaka. Hulipishwi mara mbili, hizo ni pesa mbili tofauti na hapa ndipo watu wengi wanachanganyikiwa. Ile 45 ni ya kampuni kwa kazi ya kuwapa polisi wa mji jina na anwani yako, ipo kwenye mkataba ule wa maandishi madogo tunaosaini haraka haraka pale kaunta. Faini yenyewe ni ya manispaa na haijalipwa hata senti moja.

Kuhusu muda, sheria ya barabarani ya Italia inawapa siku 90 kwa mtu anayeishi Italia lakini kwa anayeishi nje ni siku 360, na kwa gari la kukodi mara nyingi hesabu inaanza pale walipopata jina lako kutoka kwa kampuni, sio siku uliyopita kwenye kamera. Kwa hiyo kuja baada ya miezi mingi ni kawaida kabisa.

Sasa angalia tarehe uliyosaini barua maana hapo ndo penye pesa. Faini ya ZTL inaanzia euro 83, ukilipa ndani ya siku 5 tangu upokee inapungua asilimia 30, inabaki kama 58 hivi, halafu juu yake unaongeza gharama za posta na za ofisi. Ukichelewa una siku 60 kwa bei kamili, baada ya hapo inaruka kama mara mbili. Tena hakikisha hela INAFIKA ndani ya muda, sio umetuma, na kwenye malipo ya benki andika namba ya faini na namba ya gari la sivyo watasema hawajaiona. Na kama mlipita kamera nyingine saa nyingine usishtuke ikija barua ya pili.

Fundi Hamburg
Mkuu usimsikilize shemeji kwenye hili, yeye anarudi zake Dar wewe unabaki. Nchi za EU zinasaidiana kudai faini, kwa Ujerumani ofisi inayopokea hayo maombi ni Bundesamt für Justiz, ofisi ya sheria ya serikali kuu, pale Bonn, kuanzia euro 70 na gharama zikiwemo, na barua wanayotuma wao sio ya kuichezea. Ni kweli ukiwa hukuwa dereva una nafasi ya kujitetea pale Bonn, lakini deni kule Italia linabaki vilevile, linakaa miaka mitano na kila wakikutumia barua ya kukumbusha hesabu inaanza upya. Kwa euro hamsini na kitu na hizo gharama zake mimi nisingeishi na hiyo kitu kichwani, lipa halafu mgawane na shemeji kifamilia.

Mkazi wa Bremen
Asanteni sana, mmenifungua macho. Barua nimepokea juzi kwa hiyo siku 5 bado zipo. Ila kuna kitu, siku ile tulikuwa tunaenda hotelini kushusha mizigo na hoteli ipo katikati ya mji kabisa, hakuna namna ya kufika bila kupita pale. Hii sio sababu ya kukata rufaa?

Dada wa Milano
Inawezekana. Hoteli za ndani ya ZTL zinaruhusiwa kupeleka namba ya gari la mgeni kwa manispaa ili ipite, lakini lazima mgeni awape namba na wao waitume kwa wakati. Wapigie leo leo uulize kama walituma. Kama walituma na wana ushahidi wa maandishi, usilipe, maana ukishalipa umekubali kosa na rufaa imekufa hapo hapo. Unaandika rufaa kwa Prefetto, yaani mwakilishi wa serikali kuu kwenye mkoa, una siku 60. Lakini kama hawana karatasi, lipa. Prefetto akikukatalia faini inakuwa sio chini ya mara mbili ya kile kiwango cha chini, na neno tupu la "tulikuwa tunaenda hotelini" hawalisikilizi kabisa, wanalisikia kila siku.

Pia barua ikiwa imetoka Nivi sio utapeli, ni kampuni inayozikusanyia manispaa nyingi za Italia faini za wageni. Utapeli ni zile meseji za simu zenye linki, hizo futa.

Mwana wa Temeke
Niongezee kwa tulio Bongo. Mkataba wa gari tunaandika sanduku la posta la ofisi, barua inafika inasainiwa na mtu wa mapokezi, inakaa kwenye droo, unakuja kuiona siku 5 zimeshapita na punguzo limeenda. Andika na imeili yako kwenye mkataba na waambie ofisini. Halafu msidhani ni kama huku kwetu unaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi unaona unadaiwa elfu thelathini, unapata kontroo namba unalipa kwa simu. Kule kila mji una polisi wake na akaunti yake, faini ya Pisa huilipi Firenze.

Mkazi wa Bremen
Nimeongea na hoteli, namba hawakutuma. Nalipa leo, shemeji kakubali kutoa nusu. Risiti naiweka pamoja na barua na mkataba wa gari kwa hiyo miaka mitano.