Mrejesho: taa iliyosimama juu ya ziwa
Niliuliza kuhusu taa nyeupe tuliyoiona kutoka ufukweni Ilemela, ikiwa imetulia kimya juu ya Ziwa Victoria kabla ya kutoweka ghafla. Nawashukuru mliojibu. Ilikuwa ndege iliyokuwa ikija kutua Mwanza: inapokuelekea moja kwa moja, taa zake za kutua huonekana kali mno na kama hazisogei, lakini ikigeuka kidogo tu, mwanga huo hupotea, zikabaki taa ndogo, nyekundu ya bawa la kushoto na kijani ya kulia, ambazo kwa mbali hazionekani kirahisi. Mngurumo nao huchelewa takriban sekunde 3 kwa kila kilomita, endapo utafika. Jirani yangu bado anashikilia kuwa ni viumbe wa sayari nyingine, wanaofuata ratiba ya ndege.