Chi l'ha vista morire? au La casa dalle finestre che ridono: ninunue ipi?

Kandambili: Wakuu, heshima kwenu. Filamu za kutisha za Dario Argento, yule mwongozaji wa Italia, nimezimaliza, sasa nataka za Waitaliano wenzake zisizosemwa sana. Hela inatosha diski moja ya Blu-ray: hiyo ya kwanza ya Aldo Lado (1972) au ya pili ya Pupi Avati (1976)?

PopoBawa: Ongeza nyama mkuu. Deki yako inasoma diski za kanda gani, yaani za sehemu gani ya dunia? Kiitaliano unakisikia?

MamaSinema: Avati, usijiulize. Lado kakimbilia Venice kama wenzake. Avati kakupeleka vijiji vya delta ya mto Po: kijana kaitwa kukarabati mchoro wa Mtakatifu Sebastiano kanisani, wenyeji wanajua jambo, hakuna anayefungua mdomo. Hofu inapanda polepole, mchana kweupe.

Bondia: Polepole mno, nilisinzia. Lado ana George Lazenby, James Bond wa 1969, na Adolfo Celi, adui wa Bond wa 1965. Halafu kwaya ya watoto kwenye muziki wa mtunzi Morricone! Ikianza tu, muuaji mwenye ushungi mweusi yuko jirani.

PopoBawa: Si Lado kaiga ile filamu ya Waingereza, Don't Look Now, mtoto kafa, wazazi wanahangaika Venice?

Bondia: Ile ni ya 1973. Hesabu miaka.

MgeniNjia: Swali la kanda msilipuuze. Ya Avati niliagiza Marekani kwa muuzaji wa mtandaoni. Ikachelewa, ushuru nikalipa. Jumamosi watoto nimewalaza, bisi tayari, deki ikagoma. Kumbe Marekani ni kanda A, Afrika na Ulaya ni B. Muuzaji akajibu kwamba iliandikwa pale. Iliandikwa kweli, kwa herufi za sisimizi! Nikampa shemeji, deki yake nayo B. Sasa inaning'inia shambani kwake inafukuza ndege kwenye mpunga.

Kandambili: Deki ni ya dukani tu, kanda sijui. Kiitaliano sijui, ila sauti za kubandika sitaki.

MamaSinema: Zote za kubandika, mwanangu. Waitaliano enzi hizo sauti waliziingiza studio baadaye. Hata kwenye Kiitaliano, Lazenby kasemewa na mtu mwingine.

Bondia: Basi achukue ya Kiingereza.

PopoBawa: Wanakijiji wa delta ya Po waongee Kiingereza? Acha utani.

Bondia: Wewe mwisho wenyewe hukuuelewa, pale kanisani yule...

MamaSinema: WEWE! Usimwage mtama, mwenzio hajaiona!

MgeniNjia: Samahani, kuna mwenye deki ya kanda zote anauza?