Naomba ushauri: tununue roboti ya kumfundisha mtoto Kiholanzi?

Habari zenu wapendwa. Naishi Utrecht, Uholanzi. Binti yetu wa miaka mitano tulimleta kutoka Tanga miezi minane iliyopita. Kiswahili anakimwaga, lakini Kiholanzi bado kinamshinda. Shuleni anakaa kimya kama maji mtungini. Baba yake sasa anataka tununue kiroboti cha kuongea naye nyumbani, maana mtoto alikiona mahali akakipenda, hata akakipungia mkono.

Mimi nasita. Nimesoma kuhusu L2TOR, mradi wa utafiti wa huku Ulaya uliojaribu roboti za kuwafundisha watoto wadogo lugha ya pili. Matokeo ya 2019 yalihusu watoto 194 wa Kiholanzi, wengi wao wakifundishwa maneno 34 ya Kiingereza kwa masomo saba. Kuna waliotumia tableti pamoja na roboti NAO (kimo chake sentimita 58 tu), na kuna waliopewa tableti peke yake. Walijifunza, ndiyo, lakini wa roboti hawakuwazidi wenzao wa tableti. Tena mtoto alijibu kwa kugusa kioo, kwa kuwa mashine zinababaika kutambua sauti za watoto. Sasa binti yangu shida yake ni hiyohiyo, kufungua mdomo!

Kuna mzazi aliyejaribu kifaa cha namna hii? Mtoto aliongea nacho kweli, au alikichoka wiki ya pili? Au pesa hizo nimlipe binti wa jirani, mwanafunzi, aje acheze naye Jumatano na Jumamosi? Nisaidieni upesi, mume wangu anataka kuagiza Ijumaa.