Naomba ushauri: Nungwi au Paje kwa mama mwenye magoti mabovu?

Habari zenu wakuu. Disemba nampeleka mama yangu Zanzibar. Ana miaka 67, bahari hajawahi kuiona, na ndoto yake ni kukaa majini tu, maji yamfike kiunoni.

Paje nilishafika. Wakati wa maji kupwa unatembea mpaka unachoka, unapita vijiti vya wakulima wa mwani, na bado maji yako kwenye vifundo vya miguu. Kwa magoti yake hawezi. Nasikia Nungwi bahari haiendi mbali hivyo.

Waliokwenda na wazazi, boti ya asubuhi inatikisika kidogo? Na kutoka mjini Unguja, daladala ya 116 ya kwenda Nungwi ataimudu au nikodi teksi moja kwa moja? Sitaki afike hoi.