Upanga wa sponji unalemea mbele: niweke uzito gani kwenye kitako?

MwanaKisauni (Minneapolis)

Habari zenu wakuu. Nimejiunga na vijana wanaopigana kwa panga za sponji bustanini wikendi, mtindo wa Dagorhir. Upanga nimeutengeneza mwenyewe: inchi 36, ndani bomba la PVC, nje sponji ya kufunikia mabomba ya maji moto, na juu nimezungusha utepe wa kijivu ule mzito, toka mpinini hadi nchani. Shida ni kwamba unalemea mbele. Nikirusha pigo la pili mkono umeshachelewa, na kifundo kinauma hadi Jumatatu. Nataka kumimina nati ndani ya bomba upande wa kitako, nizibe kwa utepe. Nitie nati ngapi? Na wakaguzi wanaokagua silaha kabla ya mchezo wataupitisha?

fundi_wa_Tanga (Maryland)

Mdogo wangu, nati ziache kwanza. Anza kwa kupunguza mbele.

Utepe huo ubandue wote. Ukizungushwa kwa kuvutwa unaikandamiza sponji, na sponji iliyokandamizwa haina tena pa kubonyea. Mwenzako atalipokea bomba lenyewe mbavuni. Halafu utepe wenyewe una uzito, na umeufikisha hadi nchani, pabaya kuliko pote. Piga hesabu: upanga wa inchi 36, mpini inchi 8, na unataka usimame sawa kidoleni inchi 4 mbele ya mpini. Kutoka hapo hadi ncha ni inchi 24, hadi kitako ni inchi 12. Kwa hiyo aunsi 1 ukiitoa nchani ni sawa na kuongeza aunsi 2 kitakoni. Badala ya utepe, shona mfuko wa kitambaa chepesi uuvike.

Bomba nalo lina neno. PVC ikipata baridi ya huko kwenu inakuwa kavu, pigo moja inapasuka vipande vyenye makali. Tafuta fimbo ya faibaglasi. Ukiikata, ilowanishe, vaa barakoa na glavu, maana vumbi lake linawasha na si la kuvuta puani. Ncha zote mbili za fimbo zifunike kwa kipande cha ngozi au mpira wa tairi la baiskeli kabla ya sponji. Usipofanya hivyo fimbo itajitoboa njia taratibu, na siku itakapotokeza itatokezea kwenye mwili wa mtu.

Sasa uzito. Nati zilizomiminwa zitacheza, zitagonga utepe kila unaporusha, mwisho zitachomoka. Upanga ukiwa kasi, nati iliyochomoka ni jiwe la manati. Chukua washa za chuma, zile pete bapa za kuwekwa chini ya nati, ambazo tundu lake linaingia kwenye fimbo barabara. Zifunge kwa muda tu, ongeza mojamoja, rusha mapigo matatu manne, sikiliza mkono. Ukiona upanga unageuka bila kukuburuta, simama hapo, usizidishe kwa tamaa. Kisha zigandishe kwa gundi ya epoksi, ziache zikauke usiku kucha, ukizitikisa zisitoe hata sauti. Chubwi za kuvulia pia zinafaa, ila ni za madini ya risasi, yana sumu. Nawa mikono kabla hujagusa chakula.

Juu ya washa: mpira, halafu sponji ngumu ya mikeka ya kambi pande zote, na chini kabisa tabaka mbili. Kitako kiwe kipana. Wakaguzi wengi wana pete ya kupimia, na kitako hakitakiwi kupenya pete ya inchi 2. Kanuni za kundi lako ziulizie kabla ya kukata chochote.

Dada_wa_Texas

Fundi kasema. Mimi nacheza Amtgard, ule mchezo mwingine wa panga za sponji ulioanzia El Paso mwaka 1983, na huku adui ni jua. Usiache upanga kwenye buti la gari. Gundi ya kopo inalegea, vipande vya sponji vinaachana na fimbo inakaa upande. Na kaka, unapogundisha, paka pande zote mbili, subiri gundi isishike kidole, ndipo ubandike, tena nje ya nyumba kwa sababu ya ule mvuke. Ukibandika mbichi haishiki vizuri.

MwanaKisauni

Shikamoo fundi. Asante dada. Nimebandua utepe jana na tayari mkono umepumua. Swali moja: nataka pia kuchoma kwa ncha, si kukata tu. Sponji ya mikeka inatosha nchani?

fundi_wa_Tanga

Marahaba. Haitoshi. Sponji ya mikeka ni ngumu, na mchomo unatua mahali padogo kwa nguvu zote za bega. Weka ya mikeka kwanza juu ya ule mpira, kisha juu yake sponji laini ya godoro, pana kuliko bapa, uifunike kwa kitambaa bila kukaza. Bonyeza kwa kiganja kwa nguvu zako zote: ukiihisi fimbo, ongeza. Halafu mpe mwenzako akuchome nao tumboni. Kama unakunja uso, haujafaa kumchoma mtu. Na ncha hiyo ikague kabla ya kila mchezo, maana sponji ya godoro inachoka upesi. Ikishaacha kurudi ulipoibonyeza, badilisha.